Mifuko Miwili ya Bugwema

Nilikuwa na miaka miwili kazini, na nilikuwa nimechoka kuitwa "yule dada wa udongo." Ofisi yetu ilikuwa Bunda, chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Nilipanga chumba mtaa wa Nyasura kwa mama mmoja muuza vitenge ambaye, kila akinikuta nafua suruali za kazi, aliniuliza kama kweli nilisoma miaka yote ile ili nirudi na matope. Nilikuwa nacheka naye, lakini iliniuma. Wenzangu wa chuo walikuwa benki, mmoja alikuwa kwenye kampuni ya bima, na picha zao nilikuwa naziona kwenye simu. Mimi nilikuwa nachimba mashimo.

Kwa hiyo barua ilipokuja kwamba mkutano wa wanasayansi wa udongo wanaoanza kazi ungefanyika Musoma, nilijisikia kama mtu aliyekumbukwa. Ulikuwa mkutano wa watu kama mimi, waliomaliza chuo miaka michache tu nyuma, kutoka karibu kila mkoa. Siku ya kwanza mada ukumbini, ya pili kutembelea mashamba, ya tatu majadiliano na tuzo. Mkuu wangu wa kazi aliniita akaniambia kwamba, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Butiama, ningewasilisha mada na pia kuongoza safari ya mashambani.

"Usituangushe," alisema.

Nilimpigia baba simu. Akauliza, "Siku tatu zote mtaongelea udongo?"

"Ndiyo, baba."

"Na sisi tunaoulimaga, mmetualika?"

Nilimwambia kwamba siku ya pili tungepita nyumbani na wageni. Akaridhika, akampa mama simu.

Utafiti wangu ulikuwa kijiji cha Bugwema. Nilikuwa nimechukua sampuli katika mashamba kumi na mawili, lakini haya ninayoyasimulia yanahusu mawili tu. La kwanza lilikuwa bondeni, la mzee mmoja aliyekuwa mvuvi mpaka alipoumia mgongo akageukia kilimo. La pili lilikuwa juu kidogo, pale mteremko unapoanza, la mama mmoja mjane aliyekuwa akipanda maharage kila msimu na kila msimu akiambulia majani ya njano. Huko udongo ni mweusi kote. Ukiwa shambani utaona tofauti ya bonde na mteremko, kwa sababu wa bondeni unanata na kupasuka, lakini ukishaukausha na kuuponda, macho hayakusaidii sana.

Niliporudi Bunda nilizianika sampuli juu ya magazeti katika stoo ya ofisi, kila moja na lebo yake pembeni. Mwishoni mwa juma mvua ilikuja na upepo kutoka ziwani, ikaingia kwa dirisha nililokuwa nimeliacha wazi. Jumatatu nilikuta magazeti yamelowa na maandishi yamegeuka michirizi ya bluu. Chuoni tulifundishwa kuandika lebo kwa penseli, kwa sababu penseli haiyeyuki. Mimi niliandika kwa kalamu ya wino kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mfukoni.

Sampuli kumi nilizitambua. Mbili sikuzitambua.

Nilikaa nazo muda mrefu. Nililowesha vidole nikazisugua, nikazinusa, nikazipeleka kwenye mwanga. Ningeweza kurudi Bugwema nikachukua nyingine, ingekuwa kazi ya siku moja. Lakini gari la ofisi lilikuwa gereji, maabara ilihitaji wiki mbili, na muhtasari wa mada ulitakiwa mwisho wa mwezi. Nikajiambia kwamba nakumbuka, kwamba ile ya bondeni niliianika karibu na mlango. Nikaandika lebo mpya mbili, safari hii kwa penseli.

Maabara ya ofisi yetu ilikuwa Musoma, na iliendeshwa na mzee mmoja peke yake. Babu yake alikuja na biashara kutoka Tabora akaoa Mjita, na ukoo wao wote mjini ni mafundi: cherehani, saa, mizani. Yeye peke yake ndiye aliyeingia kwenye kazi ya vipimo. Alikuwa ameshastaafu, akaendelea kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeijua mashine ile ya zamani. Ijumaa alifunga mlango saa sita akaenda msikitini, na hakuna aliyemgombeza, kwa kuwa Jumamosi ulimkuta amefungua. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita mwanangu. Mengi niliyoyajua ya maabara yalitoka kwake: kusuuza chupa mara tatu, kutoongea wakati wa kupima uzito, kuandika jibu hata kama hulipendi.

Siku nilipompelekea mifuko aliitazama mmoja mmoja, halafu akaiweka miwili pembeni.

"Mwanangu, hii lebo zake ni mpya."

"Mvua ilizilowesha, Mzee. Nikaziandika upya."

"Una uhakika upi ni upi?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi sana tangu siku ile, nikipika, nikioga, nikiwa kwenye foleni. Lilikuwa jepesi. Aliliuliza bila kunikazia macho, kama mtu anayeuliza kama umekula.

"Nina uhakika," nilisema.

"Kama huna, tuiache. Mashamba kumi yanatosha."

"Ninao, Mzee."

Akavaa miwani, akafungua daftari lake kubwa, akaandika kitu, akaipokea.

Majibu yalipotoka alinipigia simu. Mfuko ulioandikwa bondeni ulionekana kuwa na udongo mchachu, ule unaohitaji chokaa. Ulioandikwa mteremko ulionekana una chokaa ya kujitosheleza. Mtu yeyote aliyesoma udongo wa kwetu angetegemea kinyume chake, kwa sababu chokaa husombwa na maji kutoka juu ikatulia chini.

"Haya majibu hayanikai vizuri," alisema. "Nimeyarudia mara mbili. Kosa haliko kwenye mashine."

Akasubiri. Nilisikia feni ya maabara ikizunguka.

"Labda tumepata jambo jipya, Mzee," nilisema.

"Labda," akajibu, na tukaagana.

Nikalichukua lile jambo jipya nikalijengea mada nzima. Niliandika juu ya uchachu usiotarajiwa katika udongo mweusi wa bondeni, nikatafuta sababu zake vitabuni, na nikazipata, kwa maana ukitafuta sababu ya jambo lolote huikosi. Muhtasari wangu ulipokelewa kwa ukumbi mkubwa. Wenzangu wengi walipewa mabango ya kubandika ukutani na kusimama kando yake, mimi nikapewa jukwaa.

Kabla ya msimu nilikwenda Bugwema kutoa ushauri. Ofisi ilikuwa na mifuko ya chokaa ya kilimo kwa ajili ya majaribio, tukampelekea yule mzee wa bondeni. Aliimwaga yeye na wanawe siku mbili, wakaichanganya kwa jembe, yeye akifanya kazi huku mkono mmoja ameushika mgongo. Yule mama wa mteremkoni nilimwambia kwamba udongo wake hauna shida ya chokaa, tatizo lake ni mbegu.

"Mbegu?" aliuliza. "Mbegu mimi nabadilishaga kila mwaka."

Nilimjibu kwa sauti ya kiofisi kwamba vipimo havidanganyi. Akasema sawa, mwalimu.

Mkutano ulianza Jumanne katika ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa. Tulivaa vitambulisho shingoni, tukanywa chai na chapati tukijuana. Kulikuwa na binti kutoka Kilosa aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na kijana kutoka Mbeya aliyetembea na mkoba wa ngozi wenye chupa ndogo ndogo kama mganga. Tulicheka sana asubuhi ile. Nakumbuka nilivyofurahi kukaa na watu ambao hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anasomea udongo. Mmoja alisimulia jinsi mama mkwe wake alivyodhani kazi yake ni kuchimba makaburi, na kila mtu mezani akawa na kisa chake cha namna hiyo.

Mada yangu ilikuwa baada ya chakula, wakati watu husinzia, lakini hawakusinzia. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa profesa mmoja mama, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyomfanya kila mtu anyamaze ili amsikie. Nilipomaliza alisema kwamba hii ndiyo aina ya kazi anayotaka kuiona kwa vijana, ya mtu aliyeingia shambani bila kuamini alichoambiwa. Watu wakapiga makofi. Mkuu wangu, aliyekaa safu ya mbele, alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

Mzee wa maabara alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Naye alipiga makofi.

Siku ya pili tulikwenda Bugwema kwa basi moja na gari la ofisi. Nilikuwa nimeagiza shimo lichimbwe katika shamba la bondeni, lenye kimo cha mtu, ili wageni waone matabaka ya udongo kutoka juu hadi chini. Mzee wa maabara alikuja na gari la ofisi akileta vifaa, kwa kuwa ndiye aliyevitunza. Mwenye shamba alitusubiri amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, na majani yalikuwa na mistari ya njano ambayo niliiona tangu nikiwa barabarani nikajitahidi kutoiona.

Nilisimama ukingoni mwa shimo nikaeleza. Walisikiliza, wakapiga picha. Kisha kijana wa Mbeya akashuka shimoni, akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya tindikali hafifu yenye mrija wa kudondoshea. Ni kipimo cha kitoto, tunafundishwa mwaka wa kwanza. Ukidondosha tindikali kwenye udongo wenye chokaa unatoa povu na mlio mdogo kama soda iliyofunguliwa. Ukidondosha kwenye udongo mchachu hakuna kinachotokea.

Alidondosha chini kabisa, penye vijiwe vyeupe. Povu likatoka.

Alidondosha katikati. Povu.

Alidondosha juu, kwenye udongo wa jembe. Povu.

"Hiyo ya juu ni chokaa waliyomwaga," mtu mmoja alisema, na nikamshukuru moyoni.

Profesa alitembea mpaka mpakani, kwenye nyasi ambako jembe halijawahi kufika, akamwomba yule kijana achimbue kidogo na kujaribu pale. Sote tuliinama. Povu likatoka, jingi kuliko la kwanza.

Wakati ule ndipo nilipojua. Si kwamba nilihisi au nilishuku. Niliona stoo ya Bunda, magazeti, mlango, nikaona kwamba ile ya karibu na mlango ilikuwa ya mteremkoni.

Mwenye shamba akasogea karibu. "Sasa mimi ile dawa nilimwagia nini?" aliuliza. Hakuwa na hasira, alitaka tu kujua.

Profesa alijifuta mikono. "Basi sampuli zilichanganywa maabara," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Hutokea. Maabara ni ya nani?"

Wakageuka wote. Mzee alikuwa amesimama kando ya gari, ameshika keekee ya kuchukulia udongo, kofia yake ya kushonwa imeingia vumbi. Hakumtazama profesa. Alinitazama mimi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba jicho lile lilikuwa na lawama, ningepata nafuu, lakini halikuwa nayo. Lilikuwa jicho la mtu anayekupisha mlangoni ili utangulie.

Sikutangulia. Niliangalia ndani ya shimo.

"Inawezekana," akasema Mzee. "Nitaangalia kwenye daftari."

Mkuu wangu akaingilia kati haraka, akasema kwamba maabara ina mashine ya zamani na mtumishi mmoja tu, kwamba hilo amekuwa akiliandikia barua miaka yote. Akaniwekea mkono begani. Binti wa Kilosa alinong'ona, "Pole, wamekuharibia kazi yako." Nikasema ahsante. Hilo ahsante ndilo linaloniamsha usiku.

Kutoka pale tulikwenda Butiama. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri, ugali wa mtama na muhogo, kuku, na ningu wa kukaanga aliyemwagiza kutoka ziwani kwa sababu alijua ninavyompenda samaki yule. Baba aliwatembeza wageni shambani kwake kama anayeuza ng'ombe. Aliwaonyesha wapi palikuwa na kichuguu zamani na mpaka leo mahindi ya hapo yanakuwa marefu, wapi mawe yalitolewa na babu yake. Walimpenda. Profesa alimuuliza maswali kwa heshima, akaandika majibu.

Mimi sikula. Mzee wa maabara alikaa kwenye kigoda kando ya baba, wakaongea habari za mvua na za wajukuu, nikiwa nawasikia kutoka jikoni. Mama aliniangalia.

"Unaumwa?"

"Jua tu, mama."

Wageni walipokuwa wanapanda basi baba alinivuta pembeni. "Yule mzee mwenzangu ni mtu safi," alisema. "Anakusifu sana. Anasema una mkono mtulivu." Nilipanda basi nikakaa dirishani upande ambao baba na mama hawakuwepo.

Siku ya tatu Mzee hakuja. Tuzo ilikwenda kwa kijana wa Mbeya, kwa haki. Mimi nilitajwa kwa ujasiri wa kuendelea licha ya "changamoto za maabara," nikapewa cheti kidogo. Nilipita mbele kukichukua.

Mwisho wa mwezi ule mkataba wa Mzee uliisha. Mkuu alitutangazia kwamba hautafanywa upya, sampuli zote sasa zingepelekwa Mwanza. Alisema kwa upole, akasema Mzee ametumika vizuri lakini umri nao una mambo yake, na kwamba mbele ya wageni wa taifa tuliaibika. Tulikuwa watu sita kwenye kile chumba. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kabati, na nilibaki huko.

Nilijipa sababu. Nilisema moyoni kwamba alikuwa ameshastaafu na angeondoka tu. Nilisema kwamba nikisema sasa nitapoteza kazi na hakuna atakayepona. Na hili la mwisho ndilo baya kuliko yote: nilianza kujiuliza kama kweli haikuwezekana kwamba alichanganya yeye.

Aliyenitoa humo ni yule mama wa mteremkoni. Mwezi wa pili nilikwenda Bugwema kwa kazi nyingine, akaniona kutoka mbali, akaniita. Maharage yake yalikuwa yamesinyaa kama kawaida. Alinikaribisha kwenye kivuli cha jiko, akanipa kikombe cha uji.

"Mbegu nilibadilisha, mwalimu," alisema. "Nilikopa za jirani, zile zilizomzalia vizuri. Kwangu zimekataa."

Uji ulikuwa wa moto, nikauzungusha kikombeni. Halafu nikamwambia. Sikupanga kumwambia yeye kwanza. Nilimwambia kwamba mvua ilifuta maandishi, kwamba nilibahatisha, kwamba chokaa iliyomwagwa kule bondeni ilikuwa yake.

Alichokoa kuni. "Kwa hiyo mwaka mzima umepita," alisema.

"Msimu, mama."

"Kwako ni msimu. Mimi nina mtoto aliyetakiwa kwenda shule ya bweni kwa haya maharage." Kisha akauliza, "Na yule mzee aliyekuja na wale wageni, mwenye kofia, aliyesemwa mbele za watu? Tulisikia kwa jirani. Umemwambia?"

"Bado."

"Sasa umekuja kuniambia mimi kwa nini?"

Nilishuka bondeni nikamweleza na mwenye shamba lile. Yeye alisema tu kwamba wanawe watacheka, na kwamba mgongo haujui kama kazi ilikuwa ya maana au la. Jumamosi iliyofuata nikaenda Musoma.

Mzee aliishi Kamunyonge, lakini mkewe alinielekeza sokoni. Nilimkuta kwenye kibanda cha ndugu yake, mbele yake mizani ya mfanyabiashara wa dagaa imefunguliwa tumbo. Alikuwa anaisafisha kwa mswaki. Alifurahi kuniona, na hilo lilinipa shida zaidi. Akaniletea stuli, akaagiza chai ya tangawizi, akauliza habari za baba na mama wa Butiama.

"Mzee," nilisema, "ile mifuko miwili. Niliibahatisha."

Aliendelea na mswaki. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoileta. Mtu mwenye uhakika hajibu haraka vile." Akapuliza vumbi kwenye chuma. "Daftarini niliandika kwamba lebo ni mpya na mwenye sampuli amethibitisha. Lipo nyumbani."

"Kwa nini hukulionyesha?"

Akaweka mizani chini. Alifuta vidole kwa kitambaa, kama alivyofanya siku zote kabla ya kusoma jibu.

"Pale shambani nilikuwa nakungoja. Niliona hii ni ya kusema mwenyewe, nikisema mimi nitakuwa nimekunyang'anya. Nikangoja. Halafu tukaenda kwenu, nikala chakula cha mama yako, nikasema atasema kesho. Halafu mkataba ukaisha, nikaona sasa nikipeleka daftari nitaonekana mzee anayetetea ugali kwa kumsukumia binti mzigo." Akanywa chai. "Na mimi nina langu. Nilijua huna uhakika, nikapokea. Kazi ya maabara ni kukataa. Nilikuonea huruma kwa sababu ya ule mkutano. Ulikuwa unautaka mno."

Nililia pale sokoni, katikati ya harufu ya dagaa. Hakuniambia ninyamaze wala hakunibembeleza. Aliongea na mteja aliyekuja kuulizia mizani yake, akamwambia arudi saa nane.

"Nitamwandikia mkuu," nilisema nilipotulia.

"Mwandikie. Lakini usimwandikie ili nirudi. Mimi sirudi."

Niliandika barua usiku ule ule nikaipeleka Jumatatu. Mkuu aliisoma mara mbili, akafunga mlango. Alisema amesikitika, kisha akasema kwamba maabara imeshafungwa, mashine imeshahamishwa, na kufufua jambo hili kungemdhalilisha kila mtu bila kumrudisha yeyote. Alinipa onyo la maandishi, akaliweka kwenye faili langu. Nilimwomba aandike barua moja tu kwa Mzee, ya kusema kosa halikuwa lake. Alisema atalifikiria. Nilimkumbusha mara mbili. Mara ya tatu sikumkumbusha, na hapo napo nilishindwa.

Kwa waandaaji wa mkutano niliandika mwenyewe. Profesa alinijibu kwa mistari michache. Aliiondoa mada yangu kwenye kitabu cha mkutano, na akasema kwamba alipaswa kuuliza zaidi kabla ya kumnyooshea mtu kidole mbele ya vijana. Aliomba anwani ya Mzee. Nilimpa. Sijui kama alimwandikia, na sikuwahi kuuliza.

Msimu uliofuata nilipima upya mashamba yote kumi na mawili, nikisafiri mwenyewe na sampuli hadi Mwanza. Yule mama wa mteremkoni alipata chokaa yake. Maharage yalizaa, si kwa wingi wa ajabu, lakini yalizaa, na alinitumia kilo mbili kwa dereva bila ujumbe wowote. Mtoto wake alikuwa ameshachelewa nafasi ile ya bweni. Anasoma shule ya kata.

Siku hizi niko Musoma. Mzee namkuta mara kwa mara barabarani au sokoni, kazi ya mizani imemjaa. Tunasalimiana, ananiita mwanangu kama zamani, ananiuliza mvua ya Butiama. Hajawahi kuligusa tena jambo lile, na kila mara tukiagana najikuta nimebakiwa na samahani niliyotaka kumwambia. Mara ya mwisho, wiki iliyopita, alikuwa na haraka ya kuwahi swala. Alinishika mkono, akasema nimsalimie baba, akavuka barabara.